Nani Alimtuma Yeison Nyumbani

Mimi sijawahi kukosea kuhusu mkimbiaji wa besiboli. Mrushaji naweza kumkosea, na mwamuzi nimemkosea mara nyingi mpaka mama yake nikamtaja, lakini mtu akishasimama kwenye besi, miguu yake naijua kuliko anavyoijua mwenyewe. Namjua atakayefika na atakayefia njiani, yaani atakayetolewa. Ukikaa jukwaa la besi ya tatu kwetu, uliza tu. Watakwambia Wandy ana mdomo mrefu, shule kamaliza na kazi hana, ila kwenye mbio hakosei.

Basi ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, awamu ya nane kati ya tisa, na sisi Maksai tulikuwa nyuma kwa pointi moja, nne kwa tatu. Maksai ndilo jina la timu yetu. Wageni wakikumbuka maksai ni dume aliyekatwa nini, huwa wanacheka mpaka tuwafunge. Siku hiyo walikuwa bado wanacheka. Yeison wetu alikuwa besi ya pili, bado besi ya tatu na ya mwisho, tunayoiita nyumbani, atupatie pointi, anapiga hatua mbili mbele, moja nyuma, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Mtu wetu mmoja alikuwa ameshatolewa, na wakitolewa watatu zamu imekwisha. Jua lilikuwa limegeuza mabenchi ya zege kuwa kikaango, hakuna aliyeweza kukaa dakika nzima. Unakaa, unaungua, unasimama, wa nyuma anakutukana, unakaa tena.

"Mpira ukienda kushoto," nikamwambia Ambrosio huku natafuna karanga, "mimi namtuma Yeison nyumbani moja kwa moja."

Ambrosio ni kinyozi wetu. Dukani kwake hakuna anayembishia, kwa sababu anabishana wembe ukiwa shingoni mwako. Uwanjani wembe hana, ndiyo maana mimi humpenda uwanjani.

"Unamtuma aende akafanye nini?" akasema. "Katolewa mtu mmoja tu. Anayefuata kupiga ni Ogando. Ogando hata akiupiga juu ukadakwa, bora uende mbali, Yeison anaondoka besi ya tatu anaingia nyumbani mikono mfukoni. Pointi hiyo, tumelingana. Wewe unamsimamisha tatu unatulia. Hilo hata marehemu shangazi yangu alikuwa analijua."

"Ndiye aliyekufundisha kunyoa, tunaona."

Watu wakacheka. Ambrosio akajipapasa kichwa chake mwenyewe, ambacho hunyolewa na mkewe.

"Cheka," akasema. "Yule anayelinda kushoto unaujua mkono wake? Mwezi uliopita kaua watu watatu nyumbani."

"Mwezi uliopita. Jana mimi nimemwona sokoni kwao, bega limefungwa bandeji mpaka shingoni. Leo huyo hawezi kurusha hata shati kitandani."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona nikiwa karibu kuliko ulivyo wewe hapo."

Hapo wengine wakadakia. Mmoja nyuma akasema kama bega ni bovu basi atumwe. Mwingine akasema hata mtu wa bega bovu akiokota mpira wa kutulia anaweza kumpa mwenzake, na mwenzake ana bega zima. Mimi nikajibu wote kwa pamoja, nimesimama juu ya benchi, maana ukibishana umekaa unaonekana kama unaomba radhi.

Na wala hatukuwa tunapoteza muda. Aliyekuwa na kazi ya kusema nenda au simama alikuwa kocha wetu Don Radhamés, Don kwetu ni Mzee, pale chini kwenye kisanduku chake kilichochorwa kwa chokaa kando ya besi ya tatu, na Don Radhamés alikuwa amebakiwa na uzi mmoja. Jumapili iliyotangulia alituma wakimbiaji wawili, wote wakafia nyumbani. Wakili Belarminio, mwenyekiti wa klabu, akatamka mbele ya watu, kwenye kiti cha Ambrosio huku akinyolewa, kwamba akifa mwingine mmoja tu, kisanduku kinakwenda kwa mpwa wake. Mpwa amesomea michezo mji mkuu, anatembea na kompyuta kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga.

Kwa mtu mwingine kisanduku cha chokaa si kitu. Kwa Don Radhamés ndicho kilichobaki. Alikuwa mwendesha mikokoteni ya miwa, maksai wanne mbele, miaka thelathini. Kiwanda kilipoleta matrekta, maksai wakauzwa, yeye akapewa kofia. Tangu hapo mahali pekee duniani ambapo akisema nenda kiumbe kinakwenda ni pale besi ya tatu. Na husemi "akisema," kwa sababu jukwaa letu lina ngoma na vikwaruzo vya chuma, sauti haifiki. Hupiga mluzi, vidole viwili mdomoni, uleule aliokuwa akiwapigia maksai. Mmoja mrefu, simama. Miwili mifupi, nenda. Wachezaji wetu wamezaliwa kwenye kambi za miwa. Mluzi ule waliusikia kabla hawajajua kutembea. Ubongo haushiriki, miguu inaitika yenyewe.

Sisi sote tunauiga. Mimi nauiga vizuri kuliko wote. Sijisifu.

Basi mrushaji wao akarusha, kijana wetu akaupiga, na mpira ukaenda wapi? Kushoto. Chini, mkali, ukadunda mara mbili mbele ya yule mwenye bega.

Jukwaa zima likainuka. Yeison alikuwa ameshatimua.

"Simama tatu," Ambrosio akawa anasema, "simama tatu, simama tatu," kama anasali.

"Aende," nikamwambia. "Angalia bega lile. Aende."

"Asiende."

"Ngoja nikuonyeshe anavyotakiwa kupigiwa," nikasema, na wallahi mimi nilikuwa nazungumza na Ambrosio tu. Nilikuwa namwelekea Ambrosio. Nakumbuka kichwa chake kinang'aa, macho yake na ya wote yako uwanjani. Halafu nakumbuka vidole vyangu viko mdomoni, na jukwaa zima limekaa kimya kwa nukta moja, kama linavyofanya mpira ukiwa hewani, na katikati ya kimya hicho miluzi miwili mifupi, safi, mizuri, ya kujivunia.

Yeison alikuwa ameshaanza kufunga breki. Akaitika. Akakata kona ya besi ya tatu akiwa ameinamisha kichwa, akaenda.

Yule wa kushoto akaokota mpira akaurusha, na ule mrusho sijui niuelezeje. Haukupanda haukushuka. Mdakaji wao pale nyumbani aliupokea akapata muda wa kurekebisha kofia, akamngoja Yeison kama mtu anayemngoja mgeni na chakula kimeshapoa. Mwamuzi hakuhangaika hata kuinama. Ametolewa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwenye bandeji ni kaka yake. Wanafanana sana.

Tulipokuwa bado tumeshika vichwa, Ogando akaingia, akaupiga mpira wa kwanza juu, mbali, mpaka miguuni mwa ukuta wa kushoto, ukadakwa. Ule ule kabisa aliousema Ambrosio. Yeison angekuwa besi ya tatu, angetembea. Sasa ulikuwa ni mtu wa tatu kutolewa, awamu imekwisha, na wageni wakaanza kulia kama ng'ombe, "mooo," upande wote wa pili.

Ambrosio hakuniangalia. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee kazeeka," akasema mtu. "Kausikiliza mluzi wake mwenyewe."

"Anadhani bado ana maksai wa kweli."

"Mpira umeokotwa mtu ndiyo kwanza yuko tatu, unamtumaje? Hata kipofu hamtumi."

"Uamuzi ulikuwa sahihi," nikasema.

Wote wakageuka. Nilitakiwa kunyamaza, najua. Lakini wangekuwa wanautukana uamuzi wako, wewe ungenyamaza? "Mrusho ule hutokea mara moja kwa mwaka," nikaendelea. "Mara kumi ukimtuma, mara tisa anafika. Aliyetuma alituma vizuri. Kosa ni la Yeison, alipunguza mwendo kabla ya kona."

"Kwa nini alipunguza?" Ambrosio akauliza, polepole.

"Muulize yeye."

"Mtu hasikii kocha wake akipiga mluzi wa nenda, kisha akapunguza."

"Alichelewa kuusikia."

"Aha," akasema Ambrosio.

Nikakaa. Nikaungua, nikasimama. Nikashuka ngazi mbili, nikapanda tatu. Chini, Yeison alikuwa ameinama mbele ya Don Radhamés, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaonyesha sikio lake. Mzee hakujibu kitu. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, analiangalia jukwaa letu, safu kwa safu, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni. Nikajificha nyuma ya ngoma.

"Wewe una nini?" Ambrosio akaniuliza. "Umekalia siafu?"

"Jua tu."

Na jua lilikuwa limeingia nyuma ya wingu.

Nilikuwa najiambia atajitetea mwenyewe. Atasema tu, sikupiga, mambo yaishe, watamtafuta aliyepiga, watu elfu mbili, hawataniona. Lakini mzee hakufungua mdomo. Kocha mkuu akamfuata akamsemesha, yeye akatikisa kichwa, kiganja kiko palepale. Hapo nikaona Wakili Belarminio anashuka kutoka viti vya juu, shati jeupe la mikunjo, mpwa wake nyuma na kompyuta. Wanapita ngazi zetu. Hawana njia nyingine.

Nikafikiri haraka. Mimi nikifikiri haraka ndipo ninapoharibu. Nikasema moyoni, nikimtetea mzee kwamba alikuwa na sababu nzuri, Wakili atapoa, kisanduku kitabaki, na mimi nitabaki bila kujulikana. Kila mtu apate chake. Nikamziba njia.

"Mheshimiwa Wakili, samahani. Usimwondoe mzee kwa ule mchezo. Ulikuwa uamuzi wa kisomi."

"Kijana, nipishe."

"Mimi nilikuwa namwangalia yeye, siyo mpira. Aliangalia kushoto, akapima, akaona bega. Ndipo akapiga."

Wakili akasimama. "Ulimwona akipiga?"

"Kwa macho yangu haya. Vidole viwili mdomoni."

"Haya," Wakili akamwambia mpwa wake, "shahidi huyo hapo. Maana nasikia pale chini wameanza kusema mzee aliinua mikono kumsimamisha. Andika jina lake. Wewe ni nani?"

Nilipotaka kulitaja jina langu nikagundua limekuwa refu sana.

"Anaitwa Wandy," akasema mwanamke. "Mtoto wa Milqueya wa pale kwenye bomba."

Alikuwa amekaa mbele ya benchi langu kabisa, safu iliyo chini yangu, magoti yangu yalikuwa yanamgusa mgongo tangu awamu ya kwanza. Kitambaa cha kichwani cha buluu, mgongo mpana. Mchezo mzima hakugeuka, na mimi mchezo mzima sikuwa nimeuliza mgongo ule ni wa nani. Sasa akageuka. Doña Nereyda, mke wa Don Radhamés.

"Shikamoo, Doña," nikasema.

"Vidole vya mkono upi, mwanangu?"

"Vipi, Doña?"

"Uliviona mdomoni. Vya mkono upi?"

Ambrosio akasogea karibu apate kusikia vizuri.

"Wa kulia," nikasema. "Nadhani."

"Wakili," akasema Doña Nereyda, bado ananiangalia mimi, "mume wangu kang'olewa meno ya mbele Jumanne. Manne, juu mawili na chini mawili. Toka siku hiyo anakunywa uji, na akijaribu kupiga mluzi inatoka hewa tu, kuku hawainui hata kichwa. Asubuhi kawaambia vijana leo watazame mikono, mdomo hauna kazi. Mimi kanikataza nisimwambie mtu. Ana majivuno yake, hataki jukwaa limwone kibogoyo. Afadhali mnyang'anye kisanduku kuliko kuufungua ule mdomo mbele yenu."

Wakili akamtazama mzee pale chini, na kiganja chake. Kisha akanitazama mimi. Mpwa hakujua aandike nini.

"Basi nani alipiga?" akauliza Wakili.

Doña Nereyda akasogeza kitambaa kidogo, akainamisha kichwa, akatuonyesha shingo nyuma. Kwenye mkunjo, pamoja na jasho, kulikuwa na punje ya karanga iliyotafunwa nusu.

"Miluzi yote miwili imepita hapa," akasema. "Wa kwanza ulikuja na mate, wa pili ukaja na hii. Nimeiacha makusudi. Nilitaka nione kama mwenyewe atakuja kuichukua."