Idi Iliyoangukia Ijumaa ya Kwaresima

Mwaka ule, mmoja kabla ya vita kuingia Bukavu, Idi iliangukia Ijumaa ya Kwaresima, na Godelive akaona kama dunia imemfanyia makusudi.

Ninyi mnaokula siku hizi mkiwa mmefunga mageti, hamuwezi kujua. Mtaani Nyawera, enzi za Zaïre, Idi haikuwa ya Waislamu peke yao. Pilau ya Mwamini, jirani wa Godelive, ilinukia parseli hadi parseli, ua kwa ua, na watoto wa Kikatoliki nao walidai nguo mpya. Godelive, ambaye leo anakaa mtaa wa Muhumba kwa mwanawe, akikumbuka siku hizo moyo unamuuma kwa hamu.

Basi, yeye na Mwamini walikuwa hawajasalimiana tangu Noeli. Waligombana kwenye robine ya maji, juu ya zamu ya ndoo tu, na Godelive akamtolea rafiki yake maneno ambayo hata mlevi angeyaonea haya. Sasa Mwamini alikuwa ametuma mtu kumwita kwenye Idi. Asipokwenda, urafiki umekufa. Akienda, atakula nyama Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Mkatoliki haigusi, yeye ambaye paroko humtolea mfano mbele ya watu! Aliwaza hadi kichwa kikamgonga. Mwishowe alifunga kitenge chake kizuri akajiambia kwamba kwa padri iko kitubio, kwa Mwamini haiko.

Alimkuta mkekani pamoja na mama mkwe wake, bibi kutoka Kasongo aliyejua kununa. Sinia moja lilikuwa katikati, limefunikwa. Godelive alinawa mikono, akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo. Mwamini akafunua.

Juu ya wali kulikuwa na sambaza, vile visamaki vya ziwani, vimekaangwa vizuri. Nyama, hata mfupa haukuwapo.

Bibi alinung'unika kwamba amefunga mwezi mzima, na leo analishwa visamaki kama mgonjwa. Mwamini aligeuza sinia, upande wenye samaki wengi ukamwelekea mgeni.

"Mbuzi tutachinja kesho," alisema. "Leo ungekula nini kwangu?"

Godelive akamjibu:

"Nilikuya kukula nyama yako, Mwamini. Nilikuwa nimesha kuamua."

Mwamini alimtazama, tonge likiwa mkononi, kisha machozi yakamtoka. Godelive naye akaanza kulia. Bibi aliwaangalia wote wawili, akachukua kisamaki kimoja, akakinusa, akauliza kama vimeoza.