Viatu vya Tangi la Nne

Chuo kilikuwa na matangi saba ya kuvunia maji ya mvua, yote yamezikwa chini ya uwanja wa maktaba. Kila asubuhi fundi wa maji, mwanamke waliyempachika jina la Kipimo, aliyapima moja moja kwa ufito wenye alama, akiupitisha kwenye tundu la mfuniko. Ofisi ya mazingira ilikuwa imeleta mashine ya kupimia, ya kisasa kabisa, ikafa wiki ya pili. Ufito haukuwa na betri.

Ulikuwa mwezi wa nane bila mvua. Miche iliyopandwa kwa mbwembwe na picha ilikuwa imebaki vijiti, na mabweni yalipata maji kwa zamu. Matangi sita yalikuwa yamekauka. Tangi la nne lilikuwa limejaa pomoni. Wanafunzi elfu mbili walikuwa wamelinywa siku arobaini, na bado ufito ulilowa palepale, kwenye alama ya tisini na moja. Wageni waliletwa kulitazama. Wakubwa wakipata cha kujisifia, hawaulizi kimetoka wapi.

"Hilo likiisha, chuo kinafungwa," msimamizi alimwambia Kipimo. "Usiliguse."

Kipimo aliliogopa tangi lile, na alijua kwa nini.

Mafundi wa pale walikuwa na utaratibu wao. Anayeshuka tangini kusugua huacha viatu mdomoni mwa tangi, asiingize uchafu kwenye maji ya kunywa. Viatu vikiwepo, mfuniko haufungwi, hata aamuru nani. Visipokuwepo, mtu ametoka, funga. Haukuandikwa popote, na kila mtu aliufuata.

Mwaka uliotangulia, shemeji yake, mume wa dada yake na ndiye aliyemfundisha kazi, alishuka tangi la nne. Mawingu yakajikusanya ghafla. Kipimo alipita na ndoo, akaona viatu vya shemeji vinaanza kunyeshewa, vile vyeusi vya turubai, cha kushoto kimefungwa kwa waya mwekundu badala ya kamba. Akamwonea huruma, maana hakuwa na pea nyingine. Akaviweka barazani, akakimbilia kuzibua mifereji ya paa. Msimamizi akaja mbio, hakuona viatu, akafunga mfuniko na kufungulia koki ya kuingiza maji ya paa tangini. Ilikuwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, na hakuna aliyetaka tone lipotee.

Kwenye uchunguzi walisema marehemu alivua viatu barazani kwa uzembe wake. Kipimo alifumba mdomo. Tangu siku hiyo dada yake, mpishi wa jiko la wanafunzi, huwakemea wanawe, "Mtakufa kwa uzembe kama baba yenu." Kila akisikia hivyo, Kipimo hutamani ardhi ipasuke immeze.

Viatu vile dada alivichoma moto kwa mkono wake. Sasa vilikuwa mdomoni mwa tangi la nne, vimelowa chepechepe, na waya wake mwekundu.

Vilianza kuonekana siku arobaini nyuma, siku tangi la mwisho kati ya yale sita lilipokauka. Kila asubuhi Kipimo aliviondoa kabla wageni hawajafika, akavitupa mbali. Na kila alipoviondoa, mfuniko uligongwa kutoka ndani, mara tatu, taratibu, kama jirani anapobisha hodi. Kesho yake vilikuwa palepale.

Siku ya arobaini na moja hakuviondoa. Alikwenda jikoni, akamshika dada yake mkono uliojaa unga, akamleta.

Dada aliviona akakaa chini palepale juu ya saruji. Aliugusa ule waya.

"Hivi nilivichoma," alisema.

"Dada, mimi ndiye niliyeviondoa siku ile. Shemeji aliviacha hapahapa, kama inavyotakiwa. Mvua ilianza, nikaona vitalowa."

"Vitalowa," dada alirudia.

"Hakuzembea. Hata kidogo. Nimekaa kimya mwaka mzima kwa woga."

Machozi yalimtoka dada.

"Wanangu nimewalisha uongo," alisema. "Na wewe ulikuwa unakaa nao mezani unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Fungua."

"Dada..."

"Fungua, mdogo wangu. Mtu yuko ndani, viatu si hivyo hapo?"

Waliushika mfuniko wote wawili, wakavuta. Kipimo aliteremsha ufito. Ulishuka, ukashuka, ukagonga sakafu, na alipoupandisha ulikuwa mkavu hadi ncha. Maji yote yalikuwa yamekwenda. Jua la asubuhi liliingia mle ndani likaonyesha ngazi ya chuma, na juu ya kila kidato alama ya unyayo mtupu uliolowa, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kutoka chini hadi mdomoni, kisha juu ya saruji katikati yao.

Alama zilikomea pale vilipokuwa viatu. Viatu havikuwepo.

Kutoka mabwenini zilisikika ndoo za zamu ya asubuhi zikipangwa foleni.

Dada alijifuta uso kwa kiganja chenye unga, akaukung'uta mfuniko vumbi.

"Ametoka," alisema. "Funga. Kisha twende kwa msimamizi ukamwambie, halafu kwa watoto."