Breki ya Kushoto

Elina, fundi wa ndege, alikanyaga pedali ya breki ya kushoto, ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Vilevile.

"Hairuki," alimwambia rubani, Joakim.

Ndege yao ya wagonjwa ilikuwa na maboya ya kutua ziwani na magurudumu ya kutua hapa Bariadi. Maji ya ziwa yalikuwa yamepenya kwenye breki. Kutu ikakwaruza pistoni, ikachana mpira wake, na mafuta ya breki yote yakavuja.

"Kisiwani kuna mzazi anatokwa na damu," Joakim alisema. "Nitatua majini, Elina. Majini breki ya nini?"

"Na kuondoka hapa? Kabla ndege haijapata kasi na usukani wa mkia haujashika upepo, utaiongoza na nini bila breki?"

Joakim aliutazama uwanja. Ilikuwa siku ya mnada, na watu walikuwa wakiswaga ng'ombe ukingoni mwa njia ya ndege. Hakubisha. Akaenda kupiga simu kutafuta boti, akarudi akitikisa kichwa: ziwa limechafuka, hakuna anayekubali kutoka.

Pistoni mpya na mpira wake vilifika mchana kwa basi kutoka Mwanza. Elina akabadilisha pistoni na mpira, akatoa hewa kwenye mafuta, akajaribu breki mpaka akaridhika. Ndege ikaruka.

Iliporudi, alimwona Joakim akishuka taratibu, bila kuita machela. Elina akakaa chini palepale.

Mume wa yule mama, Masalu, mkulima wa pamba wa Kasoli, alikuwa uwanjani tangu asubuhi. Mkewe alikuwa amekwenda kujifungulia kwao kisiwani. Alizungumza na Joakim kidogo, kisha akamfuata Elina.

"Mayu, mama, ni wewe uliyeizuia ndege?"

"Ni mimi, baba."

"Nionyeshe."

Elina akampa pistoni mbovu. Masalu aliigeuza kiganjani, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, akaiinua kwenye mwanga.

"Kitu kidogo hivi?"

"Ndege ingewavamia watu pale ukingoni."

"Ingewavamia, au ingeweza kuwavamia?"

Elina alitaka kusema ingewavamia. "Ingeweza," alisema.

Masalu akamrudishia pistoni. Hakutukana, wala hakulia. Alisema gari la kuuchukua mwili wa mkewe limefika, na kwamba mtoto naye amefungwa kwenye khanga ileile, na jamaa aliokuja nao ni wazee.

"Njoo utusaidie kubeba," alisema.

Elina akafuta mikono kwenye ovaroli, akaenda kushika upande wa miguu.