Umbali wa Kichanja

Nina majivuno, na nalisema mapema ili asije mtu akanishtukia katikati. Nimeandika makala kumi na moja za mafunzo endelevu katika jarida letu la wataalamu wa macho na miwani. Kila mtaalamu anatakiwa azisome, ajibu maswali kumi ya mwishoni, apate pointi zake, la sivyo leseni haihuishwi. Maana yake kuna watu Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, wengine wana ofisi zenye viyoyozi, wanakuna vichwa kwa maswali aliyotunga Leonia wa Katubuka. Tukikutana mikutanoni husema, "Kumbe ni wewe!" Nami hujibu kwamba ndimi.

Kati ya zote niliipenda zaidi ile ya saba, ya miwani ya kusomea kwa watu waliovuka miaka arobaini. Iliniletea cheti. Ndani yake niliandika kwamba wachambuaji dagaa wa Bangwe, ufukweni mwa ziwa letu, wanawake hamsini na wawili niliowapima mwenyewe, mwaka mzima baadaye walikuwa bado wanatumia miwani yao. Ushahidi nilikuwa nao. Mimi huimba kwaya, na nikiwatazama waumini siku ya Jumapili naiona miwani yangu imejaa benchi nne nzima. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mwaka huu mhariri wetu, Wilfred, aliniomba niandike ya kumi na mbili, mwendelezo wa ile ya saba, tena akataka picha za wanawake hao wakiwa kazini. Asubuhi moja nikachukua bajaji mpaka Bangwe.

Boti zilikuwa zimeshashusha. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya vichanja, zile nyavu zinazowambwa kwenye nguzo usawa wa kiuno, na wanawake wamesimama wakigeuza na kuchambua, wakitoa changarawe na visamaki visivyohusika. Nilipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyevaa miwani.

Mwisho wa mstari nikamkuta kiongozi wa kikundi chao, Mama Astérie Ntakarutimana, mama wa karibu miaka sitini, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mtoto mdogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Daktari. Bwakeye," akaongeza salamu ya asubuhi ya kwao. "Leo umetufuata huku?"

"Mama, miwani iko wapi?"

"Ipo kabatini. Naitunza sana."

"Mbona hujaivaa?"

Alinitazama kwa mshangao. "Nije na miwani ya kanisani kwenye dagaa?"

"Ya kanisani?"

"Ego, ya kanisani. Kanisani naona kila herufi ya kitabu cha nyimbo. Hapa nikiivaa, dagaa wanakuwa uji. Tukajua ndivyo ilivyo, miwani ni ya vitabu."

"Na hamkuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno, Daktari. Tukasema tusikuvunje moyo."

Uso uliniwaka. Wanawake wa Bangwe huja kliniki kwangu siku za mbalamwezi tu, wakati dagaa hawafuati taa, boti hazitoki na vichanja viko vitupu. Huja wameoga, wamevaa vitenge vya Jumapili. Mimi huwakalisha kitini, nawashikia kadi ya maandishi sentimita arobaini kutoka machoni kama nilivyofundishwa chuoni, nawatafutia lenzi. Nilikuwa nimewapima wanawake hamsini na wawili bila kumwona hata mmoja akiwa kazini.

Niliazima futi kwa fundi cherehani wa jirani. Nikamwomba Mama Astérie asimame anavyosimama siku zote, nikapima kutoka jichoni mpaka kwenye dagaa. Sentimita sabini na mbili. Lenzi inayosafisha herufi kwa arobaini, kwa sabini na mbili inatia ukungu, na hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Nilirudi Katubuka nimenuna. Nakiri kwamba kwa siku mbili niliwaza kunyamaza. Swali la nne la makala ile lilihusu Bangwe, na mamia ya watu walishapewa pointi kwa kunijibu nilivyotaka. Nani angejua? Ningewaomba wanawake wavae miwani dakika tano, nipige picha, yaishe. Lakini kila nilipokitazama kile cheti ukutani nilisikia aibu, na aibu mimi siiwezi. Siku ya tatu nikarudi na sanduku la lenzi za majaribio.

Hapo ndipo Mama Astérie aliponipiku. Nilidhani nitachukua zile sentimita sabini na mbili, niwape wote lenzi moja, niandike.

"Siyo hivyo," akasema. "Kugeuza na kuchambua ni kazi mbili. Ukigeuza unasimama mbali. Wakikauka unainama, wanakuja karibu. Halafu tazama, mrefu na mfupi wanatumia kichanja kimoja. Utawapa miwani sawa? Pima kichanja, pima mtu, ndipo upime kazi yake."

Aliwapanga kwa urefu. Mmoja alipojinyoosha kwa heshima yangu, alimfokea: "Simama unavyosimama! Daktari hakuja kukuposa." Wiki nzima tulipima, yeye akishika futi, mimi nikiandika. Karibu wote walitoka na lenzi za nguvu ndogo kuliko nilizowapa mwanzo, na walipozivaa walichambua wakipiga kelele za furaha, wakionyeshana changarawe ambazo jana hawakuziona.

Makala niliiandika kwa siku tisa. Aya ya kwanza ilisema kwamba ile ya saba ilikosea na aliyekosea ni mimi. Zilizofuata zilieleza njia ya kupima, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa pale ufukweni. Waandishi niliweka wawili.

Wilfred akapiga simu. "Dada Leonia, makala ni nzuri sana. Tatizo ni hili jina jingine. Ana usajili gani?"

"Hana."

"Shahada?"

"Ana vichanja."

"Dada, watu wanahuisha leseni kwa makala hizi. Mwandishi lazima awe mtaalamu. Huyo mama mtaje kwenye shukrani, kule chini."

Nilimfuata Mama Astérie kumweleza, nikidhani hatajali. Alinijibu akiendelea kuchambua.

"Jina langu limeandikwa mara nyingi, Daktari. Orodha ya kupokea unga. Orodha ya blanketi. Orodha ya wanaohamishwa. Sijawahi kuandikwa kwa sababu ya kitu ninachokijua." Akatupa changarawe mchangani. "Ila usigombane na wakubwa wako kwa ajili yangu. Shukrani nayo si mbaya."

Nililia ndani ya bajaji, na kilichoniliza zaidi ni hasira. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshampigia Wilfred.

"Majina mawili, ama nirudishie makala."

"Na kosa la makala ya saba? Ukiondoa hii, litabaki bila kusahihishwa. Watu wataendelea kupima hivyo hivyo."

Alikuwa amenibana mahali penyewe.

"Basi chapisha ile aya ya kwanza peke yake," nikasema. "Kosa langu, jina langu, basi. Wajue nilikosea. Njia ya kupima si mali yangu, siwezi kukupa bila mwenyewe."

"Utajiaibisha bure, Dada."

"Nijiaibishe."

Alisema atalipeleka kwenye kamati ya wahariri. Wiki tano zikapita. Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kwa ile aibu, nikijisemea kwamba wenzangu wakinicheka mkutanoni nitawatazama machoni. Kisha kifurushi kikaja na basi. Sikukifungua. Nilikipeleka Bangwe kilivyo, kwa sababu sikutaka kujua kabla yake.

Mama Astérie alifuta mikono kwenye kitenge, akakata kamba kwa kisu cha samaki. Alikuwa amevaa miwani ya kazi. Alifungua jarida, akalileta karibu, akakunja uso, halafu akalisogeza mbali, akalisogeza tena mpaka mikono ikanyooka kabisa. Hapo akaona. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Waandishi," akasoma. "Astérie Ntakarutimana."

Jarida letu hupanga waandishi kwa alfabeti. Miaka yote nimeandika peke yangu, sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Alilisoma jina lake mara ya pili kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye boti, na wanawake wakaacha vichanja wakaja kumzunguka. Sijawahi kujivunia ukurasa kama ule, na jina langu lilikuwa la chini.

"Na huyu wa pili ni nani?" mmoja akauliza, akichungulia begani kwake.

Mama Astérie alinitazama juu ya miwani. Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta.

"Huyo," akasema, "nilimfundisha mimi."