Anania wa Milango Minne

Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka ule wa kufunga mikanda, bohari ya mahindi ya Mpemba ilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi kama kawaida, na wapakuaji wanne wakasaini daftari la mahudhurio. Wote wanne walikuwa Anania. Bohari ilikuwa na milango minne na kibali cha kuajiri mtu mmoja, kwa hiyo Ijumaa iliyotangulia meneja, Ndugu Yahaya, aliliandika jina la Anania mara nne, mstari chini ya mstari, akapiga muhuri. Karani wa stoo, Fides, aliwatazama wakiweka saini zinazofanana, akauliza ile kofia moja ya kazi wataivaa vipi.

"Kwa zamu, dada," alisema Anania wa mlango wa pili.

Nguvu ilikuwa ileile ya mtu mmoja, na chakula cha mchana sahani moja. Anania akipakua peke yake, gunia lilimkaa begani kama shali. Wakipakua wote kwa pamoja, kila mmoja alikuwa na robo ya mgongo. Hilo halikumsumbua mtu. Saa tisa na nusu walitoka getini mmojammoja, na walipofika barabara kuu alikuwa mtu mmoja tu, anapanda kilima kwenda kwa mkewe Ketrina na binti yao Nesta.

Kule kilimani kulikuwa na ekari moja ambayo jembe halijaigusa. Mvua za huku huanza Novemba. Mwaka wa jana walichelewa kulima, na kuanzia Februari walikula maboga, kisha majani ya maboga, kisha wakawa wanatembelea ndugu.

"Baba Nesta, mwaka huu nalima na nani?" aliuliza Ketrina.

"Na mimi," alisema Anania, akasinzia kabla hajamaliza kuvua kiatu cha pili. Hata alivyosinzia, miguu yake iliendelea kukanyagakanyaga sakafu.

Shida haikuwa kupakua. Shida ilikuwa kusubiri. Dizeli ilikuwa adimu na malori yalikuja yanavyojisikia: matatu kwa mpigo, kisha kimya mpaka adhuhuri. Amri ya meneja ilikuwa kwamba asiye na lori asimame mlangoni kwake, mikono mbele, macho barabarani, ili lori likifika gunia lishuke papo hapo. Ikaonekana kwamba kusimama tayari kunakula nguvu sawasawa na kupakua. Aliyekuwa na lori, gunia lilimteremkia magotini, huku wenzake watatu wakitokwa jasho mbele ya barabara tupu.

Ramadhan, dereva wa kutoka Tanga aliyekuwa akileta mahindi ya Ibaba, alikaa kwenye ngazi ya lori lake akatazama kazi inavyokwenda.

"Ndugu Meneja," alisema, "huyu ananipakulia, na wale watatu wanamsaidia kuchoka."

Ndugu Yahaya hakucheka, lakini jioni alibadili amri. Asiye na lori alale. Magunia matupu ya kulalia yalikuwepo.

Kesho yake watatu walilala, na wa nne akabeba magunia mawilimawili huku anapiga mluzi. Lakini Anania aliyelala hakuwa karibu. Usingizi ulimpeleka Ikinga, alikozaliwa, na Fides alipomwita ilibidi arudi kwa miguu. Alifika baada ya robo saa, nyayo zina udongo wa huko kwao Ileje, anaomba radhi. Madereva walipiga honi mpaka wakachoka. Mmoja aligeuza lori akaenda zake Vwawa na mzigo wake wote. Barua kali ikaja kutoka makao makuu.

Ndugu Yahaya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na saa ya mezani. Aliileta kutoka kwake, akaiweka juu ya mizani, akatangaza kwamba asiye na lori atasimama dakika kumi kwanza, ndipo alale. Kumi zilikuwa nyingi. Nguvu iliisha kabla ya chai ya saa nne. Akajaribu mbili. Mbili zilikuwa chache. Anania alikuwa ndiyo kwanza anaipita Isongole, njiani kwenda Ikinga, lori linapiga honi, na hapo bohari ikawa imepata hasara zote mbili, ya kusimama na ya kurudi. Akajaribu tano, akajaribu nne na nusu. Kwa siku mbili hakufanya kazi nyingine yoyote.

"Mlango wa kwanza unapata malori mfululizo," alisema Fides, bila kuacha kushona gunia. "Wa nne unapata lori kama watu wanavyopata sukari. Kwa nini wasubiri sawa?"

Basi kila mlango ukapewa dakika zake, kwa chaki. Lori likifika mara tu Anania alipolala, mlango ule uliongezewa dakika. Likichelewa sana, ulipunguziwa. Kufikia Ijumaa, Anania wa mlango wa kwanza alikuwa halali kabisa, na wa mlango wa nne alikuwa hasimami kusubiri lori hata kidogo. Honi zilikoma. Na ilipofika saa tisa na nusu, nguvu ilikuwa imebaki.

Anania aliisikia mwilini mwake barabarani, kama mtu aliyekuta embe mfukoni. Alipanda kilima bila kupumzika, akachukua jembe, akainua matuta manne kabla jua halijazama. Jumamosi na Jumapili akainua mengine saba.

"Huyu ndiye niliyeolewa naye," alisema Ketrina, akitazama mawingu upande wa Zambia. "Siku kumi za hivi tu, Baba Nesta. Kumi tu."

Jumatatu Ndugu Yahaya naye aliiona ile nguvu. Anania wa mlango wa tatu alikuwa anapiga mluzi saa nane mchana. Nguvu inayobaki kazini, alimweleza Fides, ni mali ya umma. Akaandika majina mawili zaidi, Anania wa stoo ya kahawa na Anania wa mizani. Jumanne walisaini sita, na jioni Anania alipanda kilima akishikilia vichaka.

Alhamisi Ketrina aliteremka boharini.

"Shikamoo, Ndugu Meneja."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja kuazima mmoja."

Ndugu Yahaya alitazama nje. Wawili walikuwa wanapakua, wawili wamesimama, wawili wamelala.

"Wote hawa wako kazini, mama."

"Hao waliosimama wanafanya nini?"

"Wanasubiri kazi."

"Kazi ninayo mimi. Karibu ekari nzima, imelala pale tangu Julai."

"Hiyo yako haimo daftarini."

Ketrina alishukuru, akapanda kilima. Alichukua daftari la Nesta la darasa la tatu, akaandika kwenye ukurasa wa hesabu: Anania, shambani. Muhuri hakuwa nao, akabonyeza kidole gumba chenye masizi.

Ijumaa saa nne asubuhi Anania alifika shambani, akauliza aanzie wapi. Ketrina akamwonyesha. Anania akainua jembe mpaka usawa wa goti, na jembe likaishia hapo. Alikuwa sehemu ya saba ya mtu.

"Basi kaa, upumzike," alisema Ketrina.

Akakaa. Mara kule chini boharini ukasikika mluzi. Magunia yalikuwa yanabebwa mawilimawili.

"Simama!"

Akasimama. Mluzi ukakatika.

Ketrina aliegemea mpini, akafikiri. "Ukikaa, wanakufaidi wao. Ukisimama je?"

"Nikisimama, wanachoka."

"Waache wachoke. Wao ni nani kwangu?"

"Wao ni mimi, Mama Nesta."

Ketrina alitema mate viganjani akaanza kulima peke yake, na nyuma yake Anania akakaa, akasimama, akakaa tena. Mvua ilifika saa nane, nzito, kutokea ng'ambo ya mpaka. Matuta kumi na sita yalikuwa yameinuliwa. Upande wa juu wote ulibaki majani. Ketrina aliingia ndani, akatoka na mbegu kwenye kopo la mafuta, akaziweka mafungu mawili kwenye upindo wa kanga.

"Hizi tunapanda," alisema. "Hizi tunakaanga."

Anania aliitikia kwa kichwa, miguu yake ikihama mmoja baada ya mwingine kwenye tope.