Siagi ya Mzazi

Kwetu mzazi hapakwi siagi na mkono wowote tu. Lazima uwe mkono wa mwanamke aliyezaa, la sivyo wambea wa kijiji hiki watakwambia nywele za mzazi zitanyonyoka na mtoto atakonda. Mimi sikuzaa. Mume wangu alinivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akanirudisha kwa Mama na sanduku langu. Tangu hapo mimi ndiye ninayekama, ninayefukiza vibuyu, ninayesuka maziwa. Siagi ikishatoka, wenye mikono yao wananipokonya. Nasema nimezoea, lakini inaniuma.

Maziwa ya safari ile tuliyakusanya kwa ajili ya Hawine, mke wa mdogo wangu Fufa. Tumbo lilikuwa limeshuka, anatembea kama bata, nami kila asubuhi namchokoza: "Wifi, huyo ni mtoto au gunia la shayiri?"

"Gunia," ananijibu. "Na wewe ndiye utakayelibeba mgongoni, uache kuota kitambi."

Kibuyu kikubwa nilikifukiza mwenyewe kwa moshi wa mzeituni mwitu. Kilijaa, kikafungwa, kikawekwa ukutani kisubiri. Akijifungua tungesuka, Mama angempaka kichwani, na wanawake wa jirani wangekuja kula ugali wa shayiri wenye kisima cha siagi katikati. Vigelegele vingesikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Mtoto alizaliwa kimya. Mama Birke, jirani yetu ambaye pia ndiye mkunga, alimpiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akamwinamisha kichwa chini, mwisho akamfunika. Fufa na wanaume wengine wakamzika nyuma ya zizi kabla jua halijazama. Matanga hayakuwekwa, maana huku mtoto ambaye hakuvuta pumzi hawekewi matanga. Fufa akapanda farasi akaenda kwa wajomba, eti kutafuta mbegu. Wanaume wana safari zao za ghafla.

Hawine alilala amegeukia ukuta. Matiti yalimjaa maziwa, nguo zikawa zinalowa, na Mama akawa anazitoa nje kuzianika.

Siku ya soko ilipofika, Mama akaniambia, "Warkitu, suka yale maziwa. Siagi naipeleka sokoni."

"Sokoni? Si ilikuwa ya..."

"Najua ilikuwa ya nani. Suka, yasiharibike bure."

Nikaweka kata ya nyasi sakafuni, nikalaza kibuyu juu yake. Kabla sijakitikisa, Hawine akageuka.

"Niachie mimi."

"Wewe? Hata damu haijakauka. Lala, wifi."

"Nimesema niachie. Usinifanye nikuombe."

Akakaa chini, akanyoosha miguu, kibuyu kati ya mapaja, akaanza kukisukuma na kukivuta. Kila baada ya muda alichomoa kijiti kwenye tundu la kifuniko, hewa ikatoka, akakirudisha. Wanawake wetu husuka maziwa kwa kuimba, tena kwa kusengenya. Yeye hakutoa hata mguno. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, nami nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia. Hatimaye sauti ya ndani ikabadilika, ikawa ya kitu kizito kinachogonga ubavu wa kibuyu. Siagi ilikuwa imeshikana.

Nikaikusanya kwenye bakuli, nikaiosha kwa maji ya baridi mpaka maji yakawa meupe kidogo tu, kisha safi kabisa. Mama akaja na jani bichi la mgomba la kuifungia.

"Mama," Hawine akasema palepale alipokaa. "Nipake."

"Nikupake nini?"

"Siagi. Nimezaa."

Mama hakumtazama. "Hawine, mwanangu, humu ndani kuna msiba. Mwenye msiba hapakwi siagi."

"Msiba upi? Matanga mmeyaweka wapi? Mmesema hakuna wa kuliliwa. Basi kama hakuna msiba, mimi ni mzazi, nipakeni. Na kama si mzazi, nina msiba, nililieni mwanangu. Chagueni moja! Mimi nimechoka kuwa si huyu si yule."

"Anasema kweli," nikadakia.

"Wewe nyamaza! Hata uchungu huujui unaanzia wapi."

Lilinichoma, naye alijua litanichoma. Nikainuka na bakuli langu.

"Mama Birke akiona, atasemaje?" Mama akaendelea, anafuta jani ambalo tayari lilikuwa safi. "Kwamba nyumba hii inasherehekea kaburi? Na mimi alinipaka nani?"

Nadhani hakukusudia kulisema lile la mwisho. Lilimtoka tu, na baada ya hapo hakuweza kuyazuia mengine.

"Nilizaa kabla ya huyu Warkitu. Akatoka kama wako. Mama mkwe akaipeleka siagi yangu sokoni, na jioni ile ile nikaenda kukama ng'ombe wake. Kichwa changu kilibaki kikavu, na sikufa."

Maisha yangu yote nilikuwa najua mimi ndiye kifungua mimba wake. Nilisimama na bakuli mkononi kama mjinga.

Hawine akainuka kwa kushika ukuta. Akaja kwangu, akachota siagi, tonge kubwa la kujaza kiganja. Nilidhani anajipaka mwenyewe. Badala yake akaenda kusimama mbele ya Mama, akamvua kitambaa, mvi zikaonekana.

"Inama, Mama."

"Unafanya nini, mtoto wewe?"

"Mkono wangu umezaa. Au haukuzaa?"

Mama akautazama ule mkono. Akiusukuma, ndiyo kusema haukuzaa, na neno hilo lisingerudi tena mdomoni. Nje Mama Birke alikuwa akiita, "Wenyewe mpo? Twendeni sokoni, jua linapanda!" Mama alimsikia. Akapiga magoti, mifupa ikalia, akainama.

Hawine alimpaka taratibu, akipenyeza vidole mpaka kwenye ngozi, kama apakwavyo mzazi. Siagi ikayeyuka, ikamshukia masikioni na kwenye paji la uso. Mama Birke akasukuma mlango, akaona, akajiziba mdomo, akarudi kinyumenyume bila salamu. Tulijua kabla ya mchana kijiji kizima kitakuwa na habari, na kwamba hakuna atakayekuja kunywa kahawa kwetu. Ikawa hivyo, na mpaka leo wapo wasiokuja.

Mama hakuinua kichwa. "Alikuwa wa kike," akasema. "Niliona vidole vyake tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Wangu nilimwona sikio," Hawine akasema. "Sikio moja, Mama."

Hapo ndipo wakalia, wote wawili, kwa sauti, kilio cha matanga hasa, kile ambacho nyumba yetu ilikuwa imekatazwa. Mama akanyoosha mkono, akaanza kupapasa hewani, macho yamezibwa na siagi na machozi. Nikamsogezea bakuli. Akachota, na Hawine akapiga magoti mbele yake.