Mlango wa Miguu

Kuanzia Kabungu hadi milima ya Mwese hapakuwa na mshonaji wa mikoba ya wawindaji aliyenishinda mimi, Theopista. Nasema kweli tupu. Tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa haoni.

Mkoba ninaousimulia niliushona mwaka wa sabini na tano, wakati serikali imefunga uwindaji na watu wanakula mlenda huku wakiota nyama. Ulikuwa wa ngozi ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mpana, wenye mikanda miwili ya mabega na mmoja wa kupita kwenye paji la uso. Chini yake nilipasua matundu mawili, kisha nikayafunga kwa nyuzi za gome la myombo nilizozichovya katika utomvu wa mninga, ule unaotoka mwekundu kana kwamba mti umechinjwa. Hapo tulipaita mlango wa miguu. Mwenzio akivunjika porini, unazikata nyuzi, unamkalisha ndani, miguu inatokea chini, unamleta kwao. Nyuzi hizo hazikatwi kwa jambo jingine lolote.

Makarius alikuja asubuhi kuchagua mkoba wa kwendea kuwinda kwa siri. Alikuwa mtani wangu, na mtani hana ruhusa ya kununa: nilimwita kichwa cha kongoni, akaniita mke wa fisi, tukawa tumeamkiana. Nyuma yake alikuja Yotham, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye usiku pekee aliowahi kulala nje ni ule aliofungiwa mlango na mkewe, Helena. Safari hii alitaka kwenda. Helena alikuwa na mimba, na hamu ya nyama ilikuwa imemtia wazimu.

Makarius alikuwa ameshika shanta ya turubai aliyoipata kwa askari mmoja kule stesheni ya Mpanda, yenye vifungo vya shaba na mifuko ya pembeni. Akataka nimwambie ukweli, achukue ipi. Shanta ilikuwa nyepesi, haipitishi maji, tena haitoi mlio mtu anaponyata. Kwa watu wawili wanaokwenda kuiba kongoni mmoja, ilitosha na kubaki. Ningemwambia hivyo kama Mungu asingenipa ulimi. Nilimwambia ile ni ya kubebea soksi. Nikamwambia mkoba wangu unameza mapaja mawili ya nyati, na ini juu yake. Nikamwona anameza mate.

Habari ya nyuzi nyekundu sikuitaja mpaka Yotham alipouliza. Nilipomweleza, alijipiga kifua.

"Dada, mimi mwembamba. Huyu atanibeba kama mtoto."

Mkoba mpya ulikuwa na desturi yake: mshonaji huingia ndani, mnunuzi humbeba mara tatu kuizunguka nyumba. Siku hizo nilikuwa na mwili. Nilijikunja, magoti kidevuni, Makarius akainuka nami akiguna. Mzunguko wa kwanza alisema mimi ni mzito kuliko dhambi zangu, nikamwambia basi hazijui. Wa pili hakusema kitu. Wa tatu haukufika. Alinitua nyuma ya jiko, mahali pa kumwagia majivu, akasema mtani, ngozi ni nzima, twende tukanywe uji. Yotham alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Nilikuwa nimekaa juu ya majivu, nacheka.

Waliondoka Jumatatu alfajiri, wakasema siku sita. Siku ya saba Helena aliacha kufagia uwanja, asije akafuta nyayo za mumewe. Siku ya tisa tai walizunguka upande wa kusini, juu sana, kama majani makavu yaliyosahau kuanguka. Kwa katibu wa kijiji hatukwenda. Tungesema watu wetu wamepotelea wapi, wakifanya nini? Usiku nilijaribu kujitania mwenyewe, kama nilivyozoea, utani ukagoma. Kila nikifumba macho nilikuwa nyuma ya jiko, nimetuliwa.

Siku ya kumi na moja, jua likiwa utosini, Makarius aliingia uwanjani peke yake. Mkoba ulikuwa mgongoni, mtupu. Helena akampelekea maji kwa mikono miwili, akapiga magoti. Alikunywa yote kwanza.

Akasimulia kwa sauti ya chini. Nyati alimgeukia Yotham ng'ambo ya mto Katuma, akamvunja nyonga. Makarius alimbeba mkobani siku mbili. Jioni ya pili akaona mzigo umekuwa mzito ghafla, akajua. Akamzika chini ya mkwaju, akaweka mawe ili fisi wasifukue. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa, na wanaume wakawa wanaitikia kwa vichwa, wakisema huyo ndiye mtu, huyo ndiye rafiki. Helena alimshika miguu akamshukuru.

Nami nilitaka kumshukuru. Mungu ni shahidi yangu, nilitaka sana. Nikamvua mkoba mabegani, kwa kuwa mkoba uliorudi huoshwa na aliyeushona, nikaukumbatia nikitafuta harufu ya mdogo wangu. Ulinuka moshi. Katika mishono ya pembeni mafuta yalikuwa yameganda, meupe, manene, mafuta ya nyama iliyokaushwa. Maneno yangu mwenyewe yakanirudia: mapaja mawili, na ini juu yake.

"Mtani," nikamwambia, "miguu yake uliipitisha wapi?"

"Si pale chini, kwenye mlango wako," akasema. "Nyuzi nilizikata kwa kisu chake mwenyewe. Alinishikia mkoba huku analia."

Niliupindua mkoba juu ya mapaja ya Helena, chini ukaja juu. Nyuzi zilikuwa zote, nyekundu, zimekaza, na fundo langu la mkono wa kushoto mwishoni kama nilivyoliacha.

Helena alipitisha kidole juu ya nyuzi, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akainua uso.

"Ulipomwacha," akauliza, "alikuwa bado anaongea?"

Nilimsubiri mtani wangu amjibu. Alikuwa anautazama mkoba.